Mkate Bila Hamira

"Kadi," alisema muuza duka, kiganja juu ya kopo la hamira.

Fundi akatoa kadi yake ya ukaazi. Muuza duka akaitupia jicho tu.

"Imekwisha muda hii."

"Mpya iko ofisini kwao. Kila nikienda naambiwa mtandao umeanguka."

"Basi na hamira imeanguka. Imebaki kidogo, tumeambiwa tuwauzie wenye kadi hai. Nyuma yako kuna watu, bwana."

Fundi akatoka amekunja uso. Mchana huo huo msimamizi wa kantini ya kiwanda cha samaki angeonja mkate wake. Ukimpendeza, Fundi anahamia jikoni. Usipompendeza, anabaki kwenye chumba cha barafu, kupanga makreti, ambako vidole vimeshapasuka na kidole gumba hakisikii tena kitu. Kwao alikuwa fundi wa mikate, watu wanamsubiri tanuri liwake. Huku ugenini ni mbebaji tu.

Akarudi jengoni kwao, akagonga kwa Mama Ndoo. Mama huyu ametoka nchi moja na yeye, na nusu ya jengo inakula mikate yake. Jina kapewa kwa ajili ya ndoo iliyo chini ya kitanda chake: ndani kuna unga uliochachuka. Kila akikanda anakata donge, analiweka, ndilo linaloumua unga wa kesho. Hamira kwake ni habari ya redioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Heshima yote hii, unataka nini?"

"Donge. Dogo tu."

"Ili uje ufungue duka mlangoni kwangu?"

"Ni la kantini, mama. Hebu tazama vidole hivi."

Akavitazama. Akavuta ndoo, akakata donge la ukubwa wa ngumi.

"Sheria unaijua. Kabla hujachoma, unakata la kesho. Ukichoma lote umekula mbegu."

Fundi akarudi chumbani kwake, akakanda haraka. Lakini chumbani kulikuwa na baridi ya kutafuna mifupa. Mwenye nyumba huzima mashine ya joto watu wakienda kazini. Unga ukalala kwenye beseni kama tope. Fundi akangoja, akafunua, akafunika. Wapi! Mwisho akapanda nalo kitandani, akalikumbatia tumboni, blanketi mpaka shingoni.

Mwenzake wa chumba akamkuta hivyo.

"Duh! Umeoa na hujatualika?"

"Funga mlango, baridi inaingia!"

"Na tumbo hilo! Kaka, hongera, mwezi wa ngapi?"

"Mlango, we!"

Fundi akafunua kitambaa. Unga ulikuwa umeumuka, umejaa beseni.

Kantini, alikata donge la kesho kwanza, akaliviringisha kwenye kitambaa kibichi. Unga uliobaki akautia kwenye oveni. Mkate ulipoiva, msimamizi akala kipande kikavu, akaongeza, akafuta ndevu.

"Hamira umeitoa wapi? Sisi wenyewe tunawapa watu biskuti."

"Hamna hamira humo, bosi. Ni hili." Akamwonyesha donge, akamweleza.

"Safi kabisa! Haya, kadi?"

"Iko ofisini."

"Ah." Msimamizi akaweka mkate chini. "Jikoni siwezi kukuweka bila kadi, ndugu yangu. Mkaguzi akija nitamwambia nini?"

"Kwenye barafu mbona mnaniweka?"

"Kule mkaguzi haingii. Anaogopa baridi."

Fundi hakucheka. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyecheka, kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Lakini hilo donge liache. Mpishi wangu atajua la kufanya."

Fundi akalitazama donge kiganjani, laini, linapumua. Akafungua oveni, akalirusha ndani kabisa, likaganda kwenye chuma cha moto, likaanza kufuka moshi. Akabamiza mlango.

"We! Una wazimu? Kesho watu watakula nini?"

"Wape kadi."

Akachukua glavu zake, bado mbichi, akashuka kwenye barafu.