Nani Alikuwekea Waya Huu?

Usiku wa jana, nikiwa nimelala zangu kwa raha ya mtu asiye na kosa lolote duniani, ukuta ulinipigia simu.

"Kamwene, fundi Kikoti," ulinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Nani mwenzangu?"

"Ukuta."

"Ukuta upi? Mimi nina wateja wengi."

"Wa jikoni kwa Mama Lukelo. Ule uliougonga kwa kidole mchana ukasema hauna kitu."

Kupigiwa simu na ukuta hakukunishangaza. Kilichoniudhi ni sauti yake. Ulikuwa unaniongelesha kama unaongea na saidia fundi, wakati mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi ya umeme hapa Iringa, na Kihesa nzima hakuna mtaa ambao sijapanda darini.

Hapa lazima niseme ya jana mchana, ambayo hayakuwa ndoto. Mama Lukelo amenunua nyumba mwaka huu, na anataka ukuta ulio kati ya jiko na sebule utobolewe dirisha la kupitishia chakula, kama aliloliona hotelini. Ukuta wenyewe ni wa jipsamu juu ya fremu ya mbao. Kazi ya kukata amepewa Sekela, fundi mwenzangu, mama mtu mzima wa Tukuyu, mwenye msumeno wa umeme wa aina ile yenye wembe mmoja mrefu mbele, unaokwenda na kurudi. Mimi niliitwa kwa ajili ya umeme tu.

Sekela ni fundi wa kuchekesha. Kabla ya kukata kaubao ka futi moja anavaa miwani, glavu na buti, anachomekea shati, anakaza kilemba, halafu anasoma kitabu kilichokuja na msumeno, ambacho amekitia kwenye nailoni kisichafuke. Kitabu! Mimi tangu nianze kazi sijasoma hata karatasi ya kwenye boksi la taa.

Alipomaliza kuchora mraba wake ukutani kwa penseli, aliniuliza, "Kaka Kikoti, humu ndani hamna waya?"

Nikaugonga ukuta mara mbili kwa kidole. "Hamna kitu. Kata."

"Una uhakika?"

"Sekela, nani fundi umeme hapa?"

Kisha, ili kumaliza ubishi, nikaionyesha swichi ya jikoni, iliyokaa upande, na nikamuuliza Mama Lukelo swali ambalo kila fundi huanza nalo akiingia nyumba ya watu: "Nani alikuwekea hii?" Mama Lukelo akasema nyumba kainunua hivyo hivyo. Nikasonya. Nikasema huyo hakuwa fundi, alikuwa muuza karanga aliyeokota bisibisi njiani. Mama Lukelo alicheka mpaka akashika meza. Sekela hakucheka. Alisema atakuja kukata kesho yake saa tatu asubuhi.

Basi ndotoni ukuta ukasema, "Njoo," ukakata simu.

Nafika kabla sijaondoka. Nimevaa ndala, kama siku zote niwapo kazini. Mlangoni ipo miwani ya Sekela, peke yake, bila uso nyuma yake, imevaa koti la mlinzi.

"Macho," inasema.

"Yamefanyaje?"

"Yanalindwa. Sheria inasema macho yalindwe. Lete."

Nayatoa, nayakabidhi. Miwani inayaweka kwenye bakuli la sukari la Mama Lukelo, juu ya kabati, inalifunika kwa kifuniko cha kioo. Kutoka huko juu naliona jiko lote vizuri sana. Namwona pia fundi mmoja amesimama mlangoni: ndala, tumbo mbele, penseli sikioni, shati linaning'inia nje karibu na magoti. Namdharau hapo hapo. Mtu kama huyu nani kamwita kwenye nyumba ya watu? Hata kusimama hajui. Nilimcheka vya kutosha, mpaka yule fundi alipojikuna shingo na raha nikaisikia mimi.

Msumeno uko mezani, unakunywa chai ya rangi.

"Nichukue," unasema. Naunyanyua. "Mkono wa pili uko wapi?"

"Umeshika simu."

"Unaongea na nani?"

"Na ukuta."

"Ukuta huo hapo, hatua moja kutoka kwako."

Ni kweli, lakini mkono wa kushoto unakataa kuiachia simu. Unasema uko kwenye mazungumzo. Msumeno unashusha pumzi. "Nashikwa kwa mikono miwili," unasema. "Na hili bamba langu la mbele linagusishwa kwenye kazi na kukandamizwa, ndipo unawasha."

"Najua."

"Ungejua ungefanya."

Sijazoea kufundishwa na kifaa. Nawasha kwa mkono mmoja, bamba likiwa hewani.

Wembe hautikisiki. Unaotikisika ni mji. Tunakwenda mbele, tuko Mafinga. Tunarudi nyuma, tuko Iringa. Mafinga, Iringa, Mafinga, Iringa, haraka kuliko mtu anavyoweza kusema. Huko Mafinga ni baridi na malori ya mbao yanapita kati ya friji na jiko, madereva wakinitazama miguu. Mama Lukelo yumo, anapika, hana habari na malori.

"Fundi, amua moja!" ananipigia kelele. "Chapati yangu upande mmoja umeivia Iringa, huu wa Mafinga ni mbichi!"

"Ngoja niuweke chini, mama."

"Huuweki," inasema miwani kutoka mlangoni. "Hauwekwi chini kabla haujasimama."

Tunasubiri usimame. Miwani inasubiri, Mama Lukelo anasubiri na chapati yake, dereva mmoja anazima lori na kushuka ili asubiri vizuri. Haukusimama. Nilikuwa nimefunga swichi yake kwa mpira wa baiskeli, kidole kisichoke.

"Chomoa umeme," msumeno ukasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

Kuchomoa nini? Plagi niliikata mwenyewe. Nilichomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti, ninavyofanya siku zote nikiwa na haraka, na siku zote nina haraka. Soketi ilivumilia kidogo, ikapiga chafya, njiti zikaruka na nyaya nazo. Kila kitu kikatulia. Bahati nzuri tulisimamia Iringa.

"Sekela angekuwa amemaliza," msumeno ukasema, "na kufagia."

"Sekela anasoma kitabu," nikajibu, na dharau yangu yote niliiweka kwenye neno la mwisho.

"Anasoma. Ana vidole kumi. Wewe unavyo vingapi?"

Nikahesabu. Vilikuwa kumi, lakini kimoja kilikuwa kinafungasha mizigo.

Hapo ndipo ukuta ulipokohoa na kujifungua kama kabati. Ndani, juu ya fremu ya mbao, umelala waya. Umelala mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia kwenye ile swichi ya upande, umepita katikati kabisa ya mraba wa Sekela. Umejifunika kanga iliyochakaa.

"Miaka kumi na mmoja nimelala hivi," ukasema. "Kiuno kimekwisha."

Nilisahau vidole, nilisahau Mafinga. Swali lilinitoka lenyewe. "Nani alikuwekea... nani alikulaza namna hii?"

"Sema wewe, fundi," waya ukajibu kwa upole.

Nikasema. Nikasema fundi wa haki hupandisha waya wima na kuushusha wima, ili mtu yeyote akiiona swichi ajue waya uko wapi. Huyu kakatisha tu. Mvivu huyu. Mwongo huyu. Anyang'anywe bisibisi hadharani, soko zima likitazama. Siku moja mtu atakata ukuta huu bila kujua, atakufa akiwa amesimama, na huyu mjinga atakuwa anakula nyama choma mahali, hana hata habari. Huyu si fundi, ni muuaji anayelipwa kwa siku.

Jiko zima lilinisikiliza kwa heshima kubwa. Miwani iliinamisha kichwa isichokuwa nacho.

"Umemaliza?" waya ukauliza.

"Bado kidogo. Na aliyemfundisha pia."

"Haya. Sasa tazama kiungo changu."

Kutoka kwenye bakuli la sukari nilikitazama. Kilikuwa kimezungushiwa kipande cha mfuko mwekundu wa plastiki, mizunguko mitatu, na mwishoni fundo la kitanzi. Fundo lile nililijua. Marehemu baba alinifundisha kulifunga kwenye magunia ya viazi, na mkoa mzima sijamwona fundi mwingine anayelitumia. Nilitamani kifuniko cha bakuli kingekuwa cha chuma.

Nikaikumbuka nyumba. Wakati ule ilikuwa ya njano na mwenyewe alikuwa mwingine. Waya niliokuja nao ulipungua mita mbili, duka lilikuwa mbali, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikajiambia, nani atakuja kuuona? Nikaufunika.

"Saa tatu anakuja mwanamke mwenye miwani," waya ukasema. "Atashika kwa mikono miwili. Atakandamiza bamba. Kila kitu amekifanya. Moja tu hakuweza kulifanya mwenyewe, kuona ndani ya ukuta, akakuuliza wewe."

"Mwambie wewe," nikasema. "Mimi naona aibu." Na kweli niliona aibu, mpaka masikio yakawaka.

"Mimi ni waya, Kikoti. Nikimwambia, nitamwambia kwa namna yangu."

Ukanyoosha ncha, ukaichomoa penseli sikioni kwangu, ukakishika kiganja changu cha kushoto, ambacho sasa kilikuwa kimeiachia simu, na ukachora mstari mmoja ulionyooka, mshazari kama wenyewe, kutoka shina la dole gumba hadi chini ya kidole kidogo. Ulikandamiza mpaka ikauma.

"Macho yako," miwani ikasema, ikanirudishia. Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Saa tatu kasoro dakika nane. Nilikaa kitandani nikajicheka. Ukuta wenye simu! Mtu mzima mimi, na maharage ya usiku yananipeleka Mafinga. Nikaenda kunawa uso, na nikauona mstari.

Nikausugua kwa sabuni. Nikausugua kwa jiwe la miguu. Ulibaki, mweusi, umenyooka, kutoka shina la dole gumba hadi chini ya kidole kidogo. Na penseli yangu niliisahau jana juu ya kabati la Mama Lukelo, na hapa kwangu hakuna nyingine.

Nikampigia Sekela. Hakupokea. Akivaa glavu huwa hapokei simu, jambo ambalo nimemcheka nalo mara nyingi. Nikampigia Mama Lukelo.

"Kamwene, fundi," akasema. Nyuma yake msumeno ulikuwa tayari unanguruma.

"Mama, mzuie! Zima meni swichi!"

"Una nini wewe?"

"Zima kwanza!"

Nikasikia ndala zake zikikimbia. Kishindo, kisha ule mngurumo ukafa. Sijawahi kuupenda ukimya kama ule. Baadaye kidogo Sekela akaja kwenye simu.

"Kaka Kikoti?"

"Umekata?"

"Nimetoboa kidogo tu pembeni. Ndiyo nilikuwa naanza. Kuna nini?"

"Kuna waya humo. Umepita mshazari, katikati ya mraba wako."

Nilimsikia Mama Lukelo akimwita Yesu.

"Jana ulisema hamna kitu," Sekela akasema.

"Nilisema."

"Mshazari?" Akasonya, msonyo mrefu, ule ule wangu. "Mpumbavu gani anapitisha waya mshazari? Nani aliweka hii?"

Ulimi ulikuwa na majibu mengi. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa na jibu la swali hilo, na muuza karanga wangu wa jana alikuwa bado yupo, tayari kubeba na hili. Nikatazama kiganja.

"Mimi," nikasema.

Nikamsikia Sekela akiuchomoa msumeno kwenye soketi na kuuweka chini taratibu.

"Haya," akasema. "Njoo uutoe mwenyewe. Na uvae viatu."