Injini Ndogo za Kashindye

Kwa miaka ishirini Kashindye, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, alitengeneza injini ndogo kwa mikono yake: ya treni, ya meli, na ya kiwanda chenyewe, iliyokuwa na kimo cha chupa ya soda na kuzunguka kwa mvuke. Kiwanda kiliziweka kwenye chumba cha makumbusho, na wanafunzi walikuja kuzitazama hata kutoka Butimba.

Mwaka 1996 kiwanda kikabinafsishwa. Mmiliki mpya alitaka chumba kile kiwe stoo, na injini ziende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nao walitaka shaba mbali, chuma mbali.

Hellen, mtunza makumbusho, alimfuata Kashindye nyumbani kwake Buhongwa.

“Shikamoo, mzee. Nimewaomba wakupe uzichukue, wamekataa. Wanatafuta mtu wa kuzifungua.”

“Marahaba. Wasipompata?”

“Watazipasua kwa nyundo.”

Kesho yake Kashindye alikwenda mwenyewe. Alifungua nati moja baada ya nyingine, bila haraka. Ya kiwanda aliiacha mwisho. Akaitia maji, akawasha moto chini yake, na yeye na Hellen wakaitazama ikizunguka mpaka maji yakakauka. Akangoja ipoe, kisha akaifungua kama zile nyingine.

Jioni shaba ilikuwa gunia moja, chuma gunia moja. Getini mlinzi alimpekua mifukoni, asije akawa ameiba kitu. Kashindye aliinua mikono juu.