Pipa la Mama Kufuli

Kitendawili: anakuja habishi hodi, anaacha hachukui. Mkijibu mwizi mmekosa, maana mwizi huchukua. Dada yangu alijibu mwizi, na akang'ang'ania hapo hapo.

Mtaani walimwita Mama Kufuli. Kufuli mlangoni, kufuli getini, kufuli hata kwenye banda la jogoo wake mmoja. Tangu afiwe na mumewe, shemeji yake alikuwa akiitolea macho ile nyumba. Dada alipoteleza akaumia nyonga, shemeji akapata la kusema: "Mtu asiyeweza kujichotea maji atakaaje peke yake? Jumamosi naja na wazee. Utahama, nyumba irudi kwa ukoo."

Nikaenda kumuuguza, ingawa magoti yangu nayo yalishagoma kubeba ndoo.

Asubuhi moja tukakuta pipa la nyuma ya jiko, lile la kando ya ua mfupi, limejaa pomoni. Mdomoni limefunikwa kitambaa, kimefungwa kamba.

"Usiguse!" dada akanifokea. "Nani anagawa maji bure dunia hii? Hiyo ni sumu."

"Sumu pipa zima, dada? Si angefilisika?"

"Cheka tu. Mpe jogoo kwanza."

Jogoo akanywa, akajifuta mdomo mchangani, akawika. Dada akasema sumu nyingine huchelewa, akanilazimisha niyamwage yote.

Kesho yake pipa limejaa tena. Nikalichunguza lile fundo, nikajaribu kulifunga vile vile, likanishinda. Kamba ilizungushwa kinyume.

"Huyu anatumia kushoto," nikasema.

Heri ningeuma ulimi. Mashoto tuliyemjua pale ni mmoja tu, fundi cherehani wa ng'ambo ya ua, naye ni mpangaji wa shemeji.

"Ehee! Kikulacho ki nguoni mwako," dada akasema. "Anajifanya kuleta maji kumbe anachungulia, ampelekee habari bwana wake."

Alfajiri tukajibanza nyuma ya mlango wa jiko, dada kashika mwiko kama rungu. Fundi akaja na ndoo, akamimina pipani taratibu kupitia juu ya ua, akafunga kamba yake.

"Nani kakutuma?" Dada alitoka kwa mguu mmoja.

Ndoo ikaanguka. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani kakutuma?"

"Kutumwa, mama, nimetumwa kweli."

Dada akanigeukia. "Umesikia?"

"Lakini si na mwenye nyumba," fundi akasema. "Huyo akijua, atanitoa chumbani. Kanisani nakaa nyuma yako, mama. Neno linasomwa, naitikia amina. Halafu narudi hapa nakuona unahangaika na ndoo. Ile amina ikaanza kunikwama kooni."

"Sasa si ungebisha hodi!"

"Imeandikwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume."

"Na wewe ni mashoto!"

"Ndiyo maana nimekamatwa, mama."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka. Alisema, "Tutaona," akaingia ndani, nikasikia kufuli likilia *ka*.

Jumamosi shemeji akaja na wazee wawili. Akawapeleka moja kwa moja nyuma ya jiko awaonyeshe pipa kavu. Akavuta kitambaa. Maji yakamtazama.

"Nani anakuchotea?" Macho yake yakavuka ua, yakatua dirishani kwa fundi. Cherehani kule ikanyamaza.

Na mimi roho juu, maana dada akimshuku mtu hamsitiri. Akaitazama ile kamba iliyofungwa kinyume. Akamtazama shemeji.

"Kitendawili," akasema.

"Shemeji, hatukuja kucheza."

"Tega," akaitikia mzee mmoja, mwenye fimbo.

"Anakuja habishi hodi, anaacha hachukui."

Wakajaribu upepo, wakajaribu usingizi, wakashindwa.

"Basi nipeni mji," dada akasema.

"Chagua mji, mama."

"Huu huu ninaokaa."

Mzee alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Kisha akakunja uso, akamgeukia shemeji. "Tuliambiwa hapa kuna mtu anakufa kwa kiu. Mwenye kiu ni nani? Mama, mji ni wako. Na jibu?"

"Neema ya Mungu."

"Amina," akasema mzee. Shemeji akatangulia getini. Ng'ambo ya ua cherehani ikaanza tena.

Kulipokucha pipa limejaa. Jogoo akaja mbio kuonja, kama alivyozoeshwa. Dada akamfukuza, akachota kikombe, akanywa yeye kwanza.