Nyumba Iliyoonekana Barabarani

Nilishuka kwenye lori pale Muleba, Desemba 1954, nikainua macho, nikaiona nyumba yetu. Nilishtuka hadi sanduku likaniponyoka. Kwetu nyumba ya mtu haionekani kutoka barabarani. Hufunikwa na migomba, na mgeni huifikia kwa kufuata kinjia na harufu ya moshi. Yetu ilikuwa imesimama peke yake mtelemkoni, bati lote nje, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza chuoni Kampala. Tangu meli iliponishusha Bukoba nilikuwa nikitembea kifua mbele, maana nilisoma uchumi. Watu wa nyumbani waliujua ualimu, udaktari na upadre, uchumi hawakuujua. Baba yangu, mzee Karugendo, alikuwa ameniandikia kwa mkono wa katekista Protase akiuliza, kwa upole wake, ni kitu gani hasa ninachofundishwa huko. Mimi mjinga, badala ya kumjibu kama mtoto anavyomjibu mzazi, nilichukua insha yangu iliyozishinda za wenzangu wote darasani, nikaitafsiri kwa Kiswahili, nikaituma.

Insha ilihusu hasara ya kile unachokikosa unapochagua kingine. Nilimtunga mkulima mmoja mwenye migomba, nikaonyesha kwamba kwa bei ya kahawa ya mwaka ule, kila mgomba anaouacha umesimama unamnyima kahawa ambayo ingemnunulia mikungu mitatu. Nikamalizia kwa sentensi ambayo mwalimu wangu Mwingereza aliipigia mstari na kuisifu pembeni: mkulima mwenye akili, mambo mengine yakibaki vilevile, ataondoa migomba yote.

Nilipanda mbio hadi nyumbani. Nilimkuta mama yangu, Anatolia, akimenya viazi vitamu nyuma ya nyumba. Hakuinuka kunipokea.

"Protase aliisoma barua yako mbele ya watu baada ya misa," alisema. "Baba yako akasimama wima mpaka ikaisha. Kesho yake akaanza kukata. Alikata siku nne. Ule mgomba wa babu yake aliukata wa mwisho, kisha akakaa chini. Sasa amepanda miche ya kahawa. Nikimwuliza tutakula nini, ananijibu, 'Mwanangu amesoma.'"

"Mae, kahawa huchukua miaka mitatu, minne, ndipo izae."

"Hilo mimi nalijua. Wewe ulikuwa hulijui?"

Nilikuwa nalijua. Nani kwetu asiyelijua? Nilijua pia kwamba kahawa yetu hukua vizuri kwenye kivuli cha migomba hiyohiyo. Lakini katika insha yangu hapakuwa na miaka wala kivuli, palikuwa na mistari miwili tu ya mchoro inayokatana, na mistari haili chakula.

"Usikae sana hapa," mama aliendelea. "Majirani sita wanakuja alasiri hii. Wamesema ukithibitisha kwa mdomo wako, nao wanakata."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Sita wale wakikata, upande wote ule wa kilima usingekuwa na ndizi, na ndizi ikiadimika ingepanda bei hata kahawa isiweze kuinunua. Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa katika kitabu chetu, nami nilikuwa nimelipita kwa haraka kwa sababu lilikuwa rahisi. Ilinipasa niwazuie. Na kuwazuia kulikuwa kumwambia baba yangu, mbele ya majirani zake, kwamba ameharibu kibanja chake cha migomba bure.

Walikuja na mapanga yao. Baba alitoka ndani amevaa kanzu ya sikukuu, akanikumbatia, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Yeye akaketi kwenye mkeka, akatupitishia kahawa ya kutafuna, na mikono yake ilikuwa na malengelenge yaliyokauka.

"Waeleze, mwanangu," alisema. "Waeleze kama ulivyoniandikia mimi."

Mzee Byabato, jirani yetu wa karibu, alililaza panga magotini, akaniita kwa heshima kama mkubwa wake. "Sisi hatukusoma, waitu. Ila tuliambiwa tangu zamani usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo tumesema, tumngoje mwenyewe."

Nilimtazama baba. Alikuwa akitabasamu, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona akijivunia kitu namna ile. Nilitamani kunyamaza. Mungu anisamehe, nilitia kahawa mdomoni kwanza, nikatafuna.

"Msikate," nilisema mwishowe.

Tabasamu la baba lilibaki pale pale usoni, halina kazi tena.

"Tata, nisamehe. Ule ulikuwa mfano wa darasani tu. Yule mkulima niliyemwandika hayupo. Nilimtunga mimi."

"Hayupo," alirudia baba polepole.

"Hayupo, Tata."

Byabato aliinuka wa kwanza. Alimgusa baba begani, akachukua panga lake, na wenzake wakamfuata. Hawakuwa na haja ya kufuata kinjia. Walikatiza katikati ya visiki, nasi tukawaona mpaka barabarani.

Baba alingoja hadi wa mwisho akapotea. Kisha aliitazama miche yake, kila mmoja urefu wa kiganja.

"Sasa yupo," alisema.