Popote Bwana Atakaponituma

"Waambie unataka kukaa nyumbani," Keturah alimwambia mumewe asubuhi aliyokuwa akiondoka kwenda kwenye mkutano wa mwaka wa wahubiri. "Hayo tu, Bwana Pruitt. Usiongeze chumvi."

Kifua kikuu kilikuwa kimemla Keturah hadi mifupa ya shingo ikahesabika, na daktari alishasema hatavuka majira ya baridi. Walikuwa wameoana miaka sita. Mzunguko wa mhubiri wa Kimethodisti pale Ohio ni wiki sita juu ya farasi, kisha siku tatu nyumbani. Ukijumlisha siku zote walizokaa pamoja, mwaka mmoja haujai.

Zenas Pruitt, kusema haki, alifanya alichotumwa. Siku ya kwanza tu alimtafuta Ndugu Hargis, mkubwa wa wahubiri wa jimbo lao, akamweleza yote.

"Hilo limekwisha, ndugu yangu," Hargis akasema. "Askofu atakupa kituo cha Kijito cha Nyuki. Kila jioni utalala kwako."

"Kweli?"

"Lini nilikudanganya? Nenda kale, umekonda kama farasi wako."

Angekwenda kula, mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili kulikuwa na karamu ya upendo. Mkate na maji vilipita mkono kwa mkono, kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja kushuhudia. Sasa, ushuhuda wa mhubiri una mwisho wake, na kila mtu anaujua: "Niko tayari kwenda popote Bwana atakaponituma." Watu huusema kama wengine wasemavyo hujambo. Vikongwe wasiofika mlangoni bila fimbo huusema, na umati hujibu amina.

Zenas akasimama. Alilia, akaliza watu, na alipofika mwisho, ulimi hauna mfupa, ukajiendea wenyewe. Akautia na madoido: "Popote! Hata kwenye kinamasi cha Maumee!"

Amina zilitikisa madirisha. Askofu, aliyekaa mbele, akatoa kalamu.

Askofu huyo alikuwa mjanja. Siku ya kusoma orodha ya vituo aliagiza farasi wake atandikwe na kufungwa mlangoni, ili akimaliza asipatikane mtu wa kumlilia. Kijito cha Nyuki kikasomwa, akapewa mwingine. "Maumee: Zenas Pruitt." Maumee ni siku sita kutoka nyumbani kwake, maji yanagusa tumbo la farasi, na baridi ikishaingia hakuna atokaye huko mpaka theluji iyeyuke.

Zenas alitoka mbio, akamkuta askofu mguu mmoja uko kwenye kikuku cha tandiko.

"Baba Askofu, mke wangu..."

"Hargis aliniambia." Macho ya askofu yalijaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Nilikuwa nimekuandika Kijito cha Nyuki, mwanangu. Kisha nikakusikia. Nikasema, mtu mwenye mzigo ule nyumbani na bado anasema vile, mimi ni nani nimzuie? Au hukumaanisha?"

Kusema hakumaanisha kulikuwa kukiri kwamba alidanganya mbele ya Mungu na wahubiri themanini, mkate wa karamu ukiwa bado mdomoni.

"Amina," akasema. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Nyumbani alimkuta Keturah kizingitini, anamenya matufaha ya kukausha.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakakubali."

"Kisha?"

"Kisha nikashuhudia."

Keturah alikuwa binti wa mhubiri. Kisu kikasimama. "Usiniambie. Popote?"

"Popote."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Zenas akamshika mabega hadi kikapita, kitambaa kikiwa chekundu.

"Wapi?"

"Maumee."

"Mjinga wangu," Keturah akasema polepole. Hakuwa anacheka tena.

"Sitakwenda! Nitaandika, nitawaambia nilisema uongo."

"Halafu ukae hapa unanitazama kama mtu aliyemwibia Mungu? Nife huku natazamwa hivyo? Hapana, Bwana Pruitt. Maji yakimwagika hayazoleki."

Zenas alijua mkewe ana haki, na kujua huko kulimuuma kuliko kama angemtukana.

Sehemu hizo za Ohio maiti hamngoji mhubiri. Majirani huzika, na mahubiri ya mazishi hutolewa hata miezi baadaye, mhubiri akipita.

"Utafika theluji imeyeyuka," Keturah akasema. "Utasimama juu yangu na Biblia yako, uwalize wote mpaka mbwa. Utasema vizuri, nakujua. Mimi peke yangu ndiye sitasikia." Akaweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye aproni. "Basi nihubirie sasa."

"Keturah, tafadhali."

"Sasa."

Zenas akavua kofia, akasimama uani mbele yake.

"Dada yetu Keturah," akaanza, "alikuwa mke mwema, na mpishi hodari..."

"Alikuwa mpishi mbaya," Keturah akamkata. "Usidanganye tena."

"Alikuwa mpishi mbaya," Zenas akasema. "Alikufa mwezi wa..." Akaigeuza kofia mikononi. "Alikufa, na mimi sikuwepo."

Keturah akangoja, mikono mapajani, aendelee.