Kinu cha Anayetazama

Haya nilielezwa na Bilha mke wa Waweru, mwaka wa sabini na nane, tukipepeta maharagwe ya harusi pale kanisani kwetu Kisumu. Mambo yenyewe yalikuwa yamepita miaka kadhaa. Mimi sikuwako, lakini Bilha si mtu wa kuongeza chumvi, hata kwenye mchuzi wake.

Waweru alikuwa na duka la vyombo karibu na soko, na Seif aliuza nguo mlango wa pili. Wakaungana wakanunua mashine ya kusaga mahindi. Ikakaa nyuma ya duka la Seif imefunikwa magunia, maana hawakupatana iende wapi. Waweru alitaka Awasi, kwenye barabara ya Kericho, mahindi yapo tele. Seif alitaka Luanda Kotieno, kwa wavuvi, ambako alisema hakuna wa kushindana naye. Jambo moja tu walilikubali wote bila hata kulizungumza: popote itakapokwenda, Bilha ndiye atakayekwenda kuikalia.

Sasa Bilha alikuwa na mtoto, Mwihaki, aliyepooza mguu mmoja. Kila wiki alimpeleka hospitali mjini mguu ukanyooshwe, na mtoto alikuwa ameanza kusimama bila kushika ukuta. Waweru akasema mtoto atabaki kwa Zeituni, mke wa Seif, si ni kama mama yake. Zeituni hakukataa. Lakini Mwihaki hakutaka mtu mwingine aushike ule mguu. Muuguzi mmoja aliyejaribu aling'atwa. Bilha alijua wazi: akiondoka Kisumu, mguu utarudi ulikotoka.

Jumapili moja mchana, mvua inanyesha, wote walikuwa nyumbani kwa Seif na ubishi ukaanza upya. Zeituni akaingia chumbani, akatoka na ubao wa marehemu baba yake, aliyekuwa seremala wa reli. Ubao ulitokana na sanduku la majani ya chai, na juu yake mzee alikuwa amechora kwa msumari wa moto ziwa lote la upande wetu, kutoka Port Victoria mpaka Kisumu, na reli ikipanda kwenda bara.

"Chezeni," akasema. "Atakayeshinda apeleke mashine anakotaka. Mimi nimechoka kusikia Awasi, Awasi, kama niko na kondakta ndani ya nyumba."

"Hiyo ni mchezo ya watoto," Waweru akasema.

"Basi ni watoto unaogopa," akajibu Seif, huku anavuta kigoda.

Mchezo ulitaka watu watatu. Zeituni alikuwa na sufuria jikoni, kwa hiyo Bilha akaitwa akae.

Ulichezwa hivi. Vifuniko vya soda ni viwanda: cha sukari, cha pamba, cha samaki, cha matofali, na kinu cha unga, kimoja tu. Njiti za kiberiti ni barabara, na kila mtu anaanza na chache. Punje za mahindi ndizo unga; mbegu za pamba, makombe madogo ya ziwani, vijiwe na vipande vya miwa mikavu ndiyo mali nyingine, na mali ikizalishwa unaitia kwenye kikombe chako. Kikombe cha kwanza kujaa ndicho kinachoshinda. Ila kazi yenyewe ilikuwa kwenye kupanga, kabla hujacheza. Kiwanda cha kwanza hujichagulii, anakuchagulia jirani yako. Mzee yule alikuwa akisema hakuna mtu anayeanza na alichotaka. Vingine ndipo unachagua mwenyewe, au ukitaka unaacha kiwanda unapewa njiti zaidi. Halafu kila mzunguko wafanyakazi lazima wale unga. Kiwanda kisichopata unga kinageuzwa kifudifudi, kimelala.

Seif ndiye aliyekuwa wa kumchagulia Bilha. Hakufikiri hata kidogo. Akampa kinu.

"Mama Mwihaki ashike kinu," akasema. "Wakati wa mzee, kinu kilikuwa cha yule anayetazama tu. Anagawa unga, anamimina chai."

"Hapo umenena," Waweru akasema. "Sisi tufanye biashara."

Wakapanga. Waweru akaweka sukari Awasi, na pamba kando ya reli. Seif akaweka samaki Luanda Kotieno, matofali akayapeleka Port Victoria. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake asije akamzibia njia. Bilha akauliza kama anaweza kuchukua njiti badala ya viwanda.

"Chukua," Seif akasema. "Njiti haziliwi."

Akakiweka kinu Manyatta, pale mji wa Kisumu unapoishia, akapeleka njiti zake upande wa Awasi na upande wa ziwa.

Mzunguko wa kwanza akagawa unga bila kudai kitu. Wa pili, Waweru akanyoosha mkono, na Bilha akaufunika unga kwa kiganja.

"Sukari kidogo kwanza, Baba Mwihaki."

"Unaniuzia mimi unga?"

"Nyumbani unakula bure. Hapa tuko Manyatta."

Seif alicheka mpaka zamu yake ilipofika, akatakiwa samaki. Akamgeukia mkewe. "Mama Salim, huyu si mchezaji. Kinu ni cha anayetazama."

Zeituni alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Nani alimpa?"

"Mimi."

"Kama jirani?"

"Ndiyo, lakini wakati wa mzee..."

"Baba alikishika yeye kwa sababu alikuwa mwenye nyumba, na wageni hawauziwi. Huyu amepewa na jirani, ni mchezaji kama nyinyi. Hamkuona unga unatoka wapi?"

Wakajaribu kumzunguka, lakini njiti zao zilikuwa zimekwisha kwa kuzibiana njia. Waweru akakataa kununua unga kwa mizunguko miwili, viwanda vyake vikalala. Kikombe cha Bilha kikajaa, kina mali ya kila mtu.

"Haya," Seif akasema, "sema mashine iende wapi. Ulikuwa mkataba."

"Manyatta."

"Hiyo ni kwa ubao," Waweru akasema.

"Hata kwa miguu," Bilha akasema. "Muulize Nasambu, anayekaa kule, anasaga wapi. Anabeba debe mpaka mjini na kurudi, yeye na wanawake wote wa kule. Nyinyi mmeangalia mahindi na samaki. Anayekula hamkumwangalia." Kisha akasema lile lingine, kwa sauti ya chini. "Na mguu wa mtoto siuachi."

Mvua ilipopungua wakaenda kwao, Waweru amebeba ubao kwapani, kaomba aazimwe. Mwihaki akala, akalala. Waweru akaupanga mchezo upya mezani, peke yake. Akaweka sukari hapa, akaihamisha kule, akajaribu bila kinu, akajaribu kinu kikiwa Awasi. Bilha alikuwa akifuma.

"Kule Manyatta," Waweru akasema mwishowe, macho bado kwenye ubao, "kuna mtu ana chumba cha kukodisha? Chenye sakafu ngumu. Hiyo mashine inatetemeka."

"Shitanda fundi ana kimoja. Cha simiti."

"Nitamwona kesho."

Akalala palepale kitini, kifuniko kimoja mkononi. Bilha akamfunika shuka, akaunyoosha mguu wa mtoto kitandani kama alivyofundishwa, polepole ili asimwamshe, kisha akajilaza kando yake. Usingizi ukamchukua.