Bamba la Nyamwange

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wake. Kilikuwa bamba la pawasoo yake, kile chuma kirefu ambacho mnyororo wa meno huzunguka pembeni mwake. Lilikuwa limelika upande mmoja. Ukingo wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia, na ulikuwa umetoa vile vinywele vya chuma vinavyokata kidole kabla hujavihisi. Nikajua kwamba mwenye mashine huegemea upande mmoja akikata, na kwamba hageuzi bamba lake. Ndipo nikainua macho, nikafika kwenye viatu vyake, nikayarudisha chini.

Baba yangu, Johana, alikuwa na karakana ya mabati kando ya barabara, karibu na Kapkatet. Viwanda vya majani chai hula kuni kama ng'ombe anavyokula nyasi, kwa hiyo miti ya blugamu ilikuwa ikikatwa kila upande, na pawasoo zikiharibika zililetwa kwetu. Mimi niliacha shule darasa la sita mama alipofariki. Kaka yangu, Kimeli, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la chai, na alikuja nyumbani mara chache. Hivyo nilikuwa nakaa na baba karakanani, nanoa meno ya minyororo kwa tupa ya mviringo na kusafisha mabamba. Kazi hiyo ilinifaa. Tupa haikuulizi kitu.

"Wewe Mkisii," baba alimwambia siku hiyo, "unakata mti au unaulalia?"

"Naulalia kidogo, fundi. Asubuhi kule juu kuna baridi."

"Basi geuza bamba. Hata mtu akilala hugeuka."

Alicheka. Jina lake lilikuwa Nyamwange. Alifanya kazi na tajiri mmoja wa mbao aliyekuwa na lori na wakataji wengi kutoka Kisii, lakini pawasoo ilikuwa yake mwenyewe, na aliitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wake wa kwanza. Kosa lake lilikuwa hilo moja tu, la kutogeuza. Baba alimwonyesha. Bamba huliwa chini, pale uzito unapokaa. Ukiligeuza kila unaponoa mnyororo, juu kuwe chini na chini kuwe juu, kingo zote mbili zinazeeka pamoja. Usipoligeuza, mfereji wa katikati unapanuka, mnyororo unayumba ndani yake, na mti unakatika kwa kupinda. Baba alipenda kusema kwamba bamba halifi, huuawa.

Nyamwange alirudi tena na tena. Baba alilaza bamba juu ya fuawe, akaugonga mfereji taratibu hadi ukakaza, kisha akanipa mimi nisawazishe kingo kwa tupa bapa. Nilijua alikokuwa akifanya kazi kwa kuangalia vumbi lililojaa ndani ya mfereji. Vumbi la blugamu ni la kijivu na hushikana kwa oili. La saipresi lina harufu tamu. Likiwa na mchanga, nilijua alikata visiki, na nilijua mgongo unamuuma. Hakuna aliyeniambia. Niliyatoa yote kwa msumari, nikayapuliza, nikapaka grisi kwenye gurudumu dogo la puani, nchani mwa bamba.

Alizoea kuongea nami bila kungoja jibu. "Chelimo, bamba linasema nini leo?" Nami nilitikisa kichwa au nilitabasamu nikiangalia mikono yangu. Siku moja alikuja na kigoda. Alikuwa amekichonga kwa pawasoo kutoka kwenye kisiki cha saipresi, miguu na yote, bila msumari hata mmoja. Alikiweka chini karibu nami.

"Fundi," alimwambia baba, "nimeona mfanyakazi wako anakalia debe."

"Mfanyakazi wangu halalamiki," baba alisema.

"Ndiyo maana nimeleta kigoda, sio malalamiko."

Nilikalia kigoda kile siku nzima. Sikuinuka hata kwenda kunywa chai.

Baadaye kidogo, baba alipokuwa nje akiongea na mteja, Nyamwange alichuchumaa upande wa pili wa vaisi iliyobana bamba. Aliongea polepole safari hii. "Nikimaliza msitu huu, nitamleta mzee wangu aje amwone mzee wako. Sio kwa mambo ya bamba." Tupa yangu ilisimama. Sikusema kitu, lakini sikutikisa kichwa kukataa, na yeye alielewa, kwa sababu aliondoka akipiga mluzi hadi barabarani.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Mazungumzo ya watu yalianza kubadilika. Majirani waliokuwa wakiazimana majembe na Wakisii walianza kunyamaza wakiwaona. Tukasikia nyumba zimechomwa upande wa mpakani, Wakisii na Wakipsigis wenzetu wote wakilia, kila mmoja upande wake. Kisha ikasemwa waziwazi kwamba watu wasio wa hapa waende kwao. Tajiri wa mbao akatangaza kwamba lori litawachukua wakataji wake wote na kuwavusha hadi Kisii, na litaondoka mchana kutoka kituo cha juu.

Asubuhi hiyo bamba la Nyamwange lilikuwa kwetu. Ukingo karibu na pua ulikuwa umemeguka, na baba alikuwa ameujaza kwa kuchomelea kwa gesi. Nyamwange alifika akiwa na mfuko wake wa nguo begani na pawasoo mkononi, bila bamba, kama panga lisilo na ubapa.

"Nipe tu hivyo lilivyo, fundi."

Bamba lilikuwa limezikwa ndani ya majivu ya moto. Baba hakutaka kulitoa. Chuma kilichochomelewa lazima kipoe polepole ndani ya majivu. Kikikutana na hewa baridi ya kwetu, au maji, kinapasuka pale pale kiliposhonwa, na siku ya kazi kinaruka usoni mwa mtu.

"Kaa," baba alisema. "Lori la tajiri halijawahi kuondoka kwa wakati. Nikikupa sasa, litakuua wiki ijayo."

Nyamwange aliniangalia, akakaa. Tulisikia lori likipita kabla ya mchana, mapema kuliko walivyosema, likienda kwa kasi na watu wamesimama nyuma wakishikana. Alikimbia nje akipunga mkono. Halikusimama. Alirudi, akakaa tena. Bamba lilitoka majivuni likiwa zima, bila ufa.

Barabara ya kwenda Kisii ilikuwa imefungwa kwa magogo, na waliosimama pale walikuwa wakiuliza kila apitaye jina la baba yake. Nyamwange alijificha kwenye stoo yetu ya mahindi. Baba aliacha kula. Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita senge, alikuja na kumkuta amekaa mbele ya sahani iliyojaa. Senge Tecla hakuogopa kumsema kaka yake.

"Utakufa njaa ndiyo yeye aokoke?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akae, Tecla. Sio mtu mwingine. Ni mimi."

Kisha baba akasema alichokuwa akikifikiria. Atamfanya Nyamwange mwanawe. Jambo hilo kwetu ni la zamani. Wazee wanaitwa, mgeni ananyolewa, anavishwa mmea wa sinendet shingoni, anakunywa maziwa ya mursik kutoka kibuyu cha nyumba, anapewa jina na ukoo. Kuanzia hapo yeye ni wa damu, na anayemgusa amegusa ukoo wote. Hata Kisii kwao kuna watu wa zamani waliotoka kwetu kwa njia kama hiyo, na kwetu kuna waliotoka kwao.

Nilikuwa nimepiga magoti jikoni nikipuliza moto. Senge aliuangalia mgongo wangu. Nadhani aliona kitu.

"Kwa nini usimfanye mkwe?" aliuliza. "Una msichana."

Baba alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Chelimo huyu? Hata kuku anamfukuza kwa kunong'ona. Na mkwe ni nini, Tecla? Mkwe ni mgeni anayeheshimiwa. Vijana wakija hapa waniulize huyu ni wa nani, nikisema ni mkwe, watasema arudi kwao mpaka amani irudi. Tena barua, wazee, ng'ombe, huo ni mwaka mzima. Mtoto wa nyumba ni neno moja."

Alikuwa anasema kweli. Niliendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umeshika zamani.

Kesho yake wazee walikuwa waje alasiri. Asubuhi nilikwenda kuchota maji kwenye tangi nyuma ya stoo, na Nyamwange aliniita kwa sauti ndogo kupitia nafasi za mbao.

"Chelimo. Umesikia anachotaka baba yako?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Nikinywa maziwa yale, wewe ni dada yangu. Sio kama watu wanavyosema dada. Dada kabisa."

Maji yalikuwa yakijaa kwenye ndoo.

"Naweza kukataa," alisema. "Najua njia ya msituni, chini kwa chini mpaka mtoni. Nimekata miti huko. Nikikataa naondoka leo. Lakini nataka uniambie wewe. Safari hii usitabasamu tu. Ongea."

Ile njia ya msituni niliijua pia. Kijana mmoja Mkisii aliyekuwa akichuma chai jirani yetu alikuwa amepita huko siku iliyotangulia, na Senge alikuwa ameona kofia yake kichwani mwa mtu mwingine.

Ndoo ilijaa, ikamwagika miguuni mwangu.

"Kunywa," nilisema.

 Nyamwange akasema, "Sawa." Niliona vidole vyake vikiondoka kwenye mbao.

Mzee Kipkemboi ndiye aliyeongoza. Alikuwa mzee wa kanisa pia, kwa hiyo aliomba kwanza, halafu akaendelea na ya wazee wake. Senge alimnyoa Nyamwange nywele zote. Kabla ya kibuyu, mzee aligeuka na kutuuliza sote wa nyumba hiyo, wakubwa na wadogo, kama kuna mwenye neno la kuzuia. Kimeli alikuwa ameitwa, naye akasema hana, anafurahi kupata mwenzake. Macho ya mzee yalinifikia. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Mzee alingoja, kwa sababu ndivyo sheria inavyosema, kisha akachukua kimya changu kama ndiyo ya msichana.

Nyamwange alikunywa hadi mwisho. Wakampa jina Kiptum, maana amezaliwa kwetu siku ya sherehe. Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama.

Vijana walikuja siku chache baadaye, mchana, wakiwa na mishale na mapanga. Walimkuta karakanani, kichwa kinang'aa, akinoa mnyororo. Mmoja alimuuliza kwa Kipsigis yeye ni nani. Alijibu kwa Kipsigis, bila kuinua sauti, kwamba yeye ni Kiptum arap Johana, mwana wa Johana. Baba alisimama mlangoni na nyundo yake. Akataja ukoo wetu, akawataja wazee waliokuwepo, na akawauliza ni nani kati yao aliye tayari kwenda kumwambia Mzee Kipkemboi kwamba baraka zake ni uongo. Waliangaliana. Mmoja wao aliomba maji ya kunywa. Nilimletea, akanywa, wakaenda zao. Nyumba jirani ile waliyoingia baadaye ilikuwa ya watu ambao hakuna aliyewanywesha maziwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba baba alikosea. Mtu huyo anaishi.

Amani iliporudi, hakuondoka. Mtoto haachi baba yake. Macho ya baba yalipoanza kuwa na ukungu, Kiptum ndiye aliyechukua fuawe, na sasa wateja wanasema mabamba yake yanadumu kuliko ya Johana. Tunafanya kazi katika chumba kimoja. Yeye anagonga, mimi nasawazisha. Ananiita dada, na ananiita vizuri, hajawahi kusahau wala kuteleza. Ni mtu wa heshima. Kuna siku nilitamani asingekuwa.

Mwaka wa tisini na sita alioa msichana wa Mulot, Nelvine, mwenye sauti nzuri na kicheko cha karibu. Senge aliniambia kwamba dada ndiye humpaka bibi arusi siagi kichwani anapoingia nyumbani. Nilimpaka. Nilihakikisha imefika kila mahali, mpaka nyuma ya masikio. Nelvine alinishika mkono, akaniambia alikuwa na bahati kupata wifi mpole. Kiptum alisimama nyuma yake. Alikuwa akiangalia mikono yangu, na mara akageuka kuangalia mlima.

Wachumba wawili wamekuja kwetu kuniuliza. Baba alisema ni watu wema, na walikuwa watu wema. Nilikataa, na hawakuelezwa sababu, kwa kuwa watu wameshazoea kwamba mimi siongei. Baba hufikiri ni aibu tu. Huniambia, "Utakaa nami mpaka lini, mama?" nami humwongezea chai.

Hakuna anayemwita tena kwa jina lake la kwanza. Nafikiri hata Nelvine halitumii. Mimi nalitumia hapa, kwa sababu yule niliyetaka kuongea naye ni yule wa upande wa pili wa mbao, kabla ya nywele kunyolewa. Alinitaka niongee, na nilimpa neno moja. Lilikuwa neno zuri, limemlinda, na ningelisema tena leo. Lakini halikuwa langu.

Nyamwange, sikutaka unywe. Nilitaka uniite nami tupite ile njia ya mtoni, na hata kama wangetukuta, nilitaka wanikute na wewe.